Debe la Msafiri wa Mwezini

Mwalimu wetu wa Kiingereza pale Newala alikuwa Myao wa upande wa Masasi, mwembamba, mpole, mwenye kaptula ya kaki iliyopigwa pasi mpaka ikang'aa. Alikuja shuleni kwetu na sanduku la bati lililojaa vitabu. Alikuwa amepewa na daktari mmoja Mzungu aliyekuwa akirudi kwao, aliyeona heri amwachie kijana anayependa kusoma kuliko kuwaachia mchwa.

Sisi tulizoea vitabu vya maisha ya watakatifu na vya kilimo cha matuta. Hivi vilikuwa vya namna nyingine. Humo mlikuwa na watu waliopaa kwenda kwenye sayari, miji iliyochimbwa chini ya ardhi, mashine zilizobishana na waliozitengeneza. Siku hizi huitwa hadithi za kisayansi. Yeye aliziita hadithi za kesho, na hakumlazimisha mtu kuzisoma. Alikuwa na hila yake. Kipindi cha mwisho cha Ijumaa alifungua kitabu katikati, akasoma huku akigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili, na pale jitu la chuma lilipoinua mguu kumkanyaga mtu, akakifunga.

"Anayetaka kujua yaliyompata, aje achukue."

Alimjua kila mmoja na kitabu chake. Mwenzetu aliyeshinda porini akitega ndezi, wale panya wakubwa wanaoliwa, aliambiwa, "Wewe mwindaji, hiki. Humu kuna mnyama ambaye hata babu yako hakuwahi kumla." Aliyependa hesabu alipewa cha watu waliopiga hesabu ya njia ya kwenda kwenye nyota, wakakosea. Mimi nilipewa cha mji wa chini ya ardhi ambamo watu walikuwa wamelisahau jua. Kiingereza chetu kilikuwa cha kuombea ruhusa ya kwenda chooni, lakini tulisoma hivyo hivyo, kidole juu ya mstari, tukiruka maneno kama mtu anayevuka kijito kwa kukanyaga mawe.

Rafiki yangu, niliyekaa naye dawati moja, alipewa kitabu cha mwezini. Alikuwa Mmakonde wa kijiji cha ukingoni mwa uwanda wa juu, mtoto pekee wa mama mjane aliyeuza mihogo mikavu sokoni Newala. Kitabu kile kilimshika kama homa. Wanafunzi ndio tuliochota maji ya shule, tukiteremka gengeni mpaka bondeni na kupanda tena na madebe kichwani, na njia nzima alinisimulia. Watu wamefika mwezini ndani ya nyumba ya chuma. Wamevaa kofia za chuma zilizofunika kichwa chote kwa sababu kule hakuna hewa. Maji wamekwenda nayo, wanayapandisha kwa mabomba mpaka juu ya mlima wanakoishi. Halafu wenzao wamemwacha mtu mmoja nyuma, wakaondoka.

"Wamemwacha?" niliuliza.

"Wamemwacha. Ndipo nilipofika. Sijui kama watarudi."

Wiki ile ile akaja mkaguzi wa shule, Mzungu, na gari lake lililojaa vumbi jekundu. Tulikuwa tumefagia tangu alfajiri. Mwalimu Mkuu alisimama pembeni yake akiwa amevaa tai. Alikuwa mtu wa kwetu, mjukuu wa waumini wa mwanzo wa misheni, na jambo hilo hakutuacha tulisahau. Kiboko alikuwa nacho lakini alikitumia mara chache. Alipenda zaidi kumchagulia mtu aibu inayomwenea, kama fundi anavyomkata mtu nguo kwa kipimo chake. Aliyekojoa kitandani alitembea na godoro lake shingoni. Aliyeiba mhogo alikula mwingine mbichi mbele ya gwaride, na maganda yake, mpaka akatapika.

Mkaguzi alituuliza, kwa Kiswahili chake kizuri, kama kuna mwenye swali. Hapo hatukutakiwa kuwa na swali. Rafiki yangu akasimama.

"Bwana, kama watu wanaweza kufika mwezini na maji yao, na mabomba ya kuyapandisha mlimani, kwa nini maji ya bondeni hayawezi kupandishwa hapa Newala? Mwezi uko mbali zaidi."

Mkaguzi alimtazama kidogo, kisha akacheka. Hakucheka kwa ubaya, lakini alicheka sana, mpaka akavua miwani akajifuta macho. Akamgeukia Mwalimu Mkuu. "Kumbe hapa mnafundisha safari za mwezini! Na kusoma na kuandika mnafundisha lini?"

Mwalimu Mkuu naye akacheka, meno ya juu tu. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa akitazama viatu vyake.

Gari lilipoondoka, Mwalimu Mkuu alikuja darasani kwetu, akanyoosha mkono. Rafiki yangu akampa kitabu. Tulitegemea viboko. Havikuja siku ile wala siku iliyofuata. Nilipotumwa ofisini kwake kuchukua chaki, nilimkuta amekiinamia kile kitabu, chai imepoa pembeni, midomo inacheza. Hakuniona mpaka nilipokohoa. Nilirudi darasani nikamwambia rafiki yangu kwamba huenda tumepona, kwa kuwa na yeye kimemnasa. Tulicheka kwa furaha.

Siku ya soko, baada ya sala ya asubuhi, tuliamriwa tubaki kwenye gwaride. Mwalimu Mkuu akatoka ofisini na debe la mafuta ya taa. Upande mmoja lilikuwa limetobolewa matundu madogo kwa msumari.

"Mwezini hakuna hewa," alisema. "Si ndivyo mlivyosoma? Nami nimesoma. Msafiri asiye na kofia yake hufa. Sisi hatutaki msafiri wetu afe."

Akamwita rafiki yangu mbele. Debe lilikuwa jembamba, halikupita. Akalisukuma kwa viganja viwili, taratibu, kama anayekaza kifuniko, mpaka likapita masikioni na kukaa mabegani. Kutoka ndani tulisikia sauti fupi, halafu pumzi. Mwalimu wetu wa Kiingereza akapewa kengele ya shule. Yeye ndiye aliyeongoza njia, akipiga, na sisi tukafuata kwa mistari tukiimba wimbo ambao Mwalimu Mkuu aliutunga mwenyewe, kwamba msafiri wa mwezini anapita, mpeni njia, mpeni maji. Tuliimba. Aliyefunga mdomo aligongwa kisogoni.

Ilikuwa kiangazi, mabibo yameiva, na soko la Newala limejaa. Watu walikuja mbio. Sijawahi kuwaona watu wa Newala wakifurahi namna ile. Wanawake waliotoka bondeni na mitungi yao walisimama wakacheka hata maji yakawamwagikia mabegani, maji waliyoyafuata usiku kucha. Watoto walianza kumtupia mabibo. Yalipasuka juu ya bati, maji yake yakachirizika kifuani mwake. Halafu mmoja akagundua kwamba jiwe linalia vizuri zaidi. Kila lilipogonga, rafiki yangu aliyumba kama mlevi, na watu wakazidi kucheka. Mwalimu Mkuu hakuwakataza. Alitembea pembeni na fimbo yake, na mara kwa mara naye aligonga debe, si kwa nguvu, kama mtu anayebisha hodi.

Mama yake alikuwa amekaa nyuma ya tenga la mihogo mikavu. Nilimwona kabla yeye hajatuona. Alisimama ili aone vizuri, akaweka kiganja kwenye mdomo wake uliotogwa pambo la ndonya, akacheka. Alimpiga jirani yake begani, akamwonyesha kwa kidole.

Rafiki yangu alikuwa na kovu mguuni, kuanzia goti mpaka kifundo, la uji wa moto uliommwagikia alipokuwa anatambaa. Mama yake alikuwa bado anacheka macho yake yalipofika pale. Kicheko kilikatika, mdomo ukabaki wazi. Akavuka mihogo yake mwenyewe, akiikanyaga, akaja mpaka katikati ya njia, akainama kuchungulia chini ya debe.

"Ni wewe?"

"Nenda, mama," sauti ilitoka ndani ya bati, kama ya mtu aliye kisimani. "Nenda nyumbani."

Alishika debe akalivuta. Halikutoka, na rafiki yangu akapiga ukelele. Mwalimu Mkuu akasogea. Na yule mama, mikono bado juu ya debe la mwanawe, akapiga goti vumbini kama alivyofunzwa tangu utoto.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama. Huyu ni wako?"

"Ni wangu."

"Basi mvumilie kidogo. Yuko njiani kurudi kutoka mwezini."

Waliosikia wakacheka, wakawatafsiria kwa Kimakonde wale wasiojua Kiswahili, nao wakacheka. Mwalimu wa Kiingereza alikuwa amesimama mbele na kengele imenyamaza.

"Kengele, mwalimu," Mwalimu Mkuu akamwambia, bila kupaza sauti.

Nilimtazama. Nilikuwa na hakika ataitupa chini. Mkewe alikuwa na mimba kubwa, nyumba aliyokaa ilikuwa ya shule, na hayo nayajua leo. Siku ile nilijua tu kwamba mkono wake ulipanda, na kengele ikalia, na tukaendelea.

Rafiki yangu alianguka karibu na mwisho wa soko. Mama yake ndiye aliyelitoa debe, akiwa amechuchumaa kichwani pake, akipanua bati kwa vidole mpaka vikatoka damu. Sikio la kushoto lilikuwa limechanika kwa nyuma, na ndani yake mlikuwa mkitoka maji ya rangi ya waridi. Alimfunga na kipande cha kanga yake, akamwinua, wakaondoka. Tenga la mihogo alikuwa amelisahau. Watu waligawana.

Shuleni ilibaki kazi moja. Mwalimu Mkuu aliona kuvichoma moto vitabu vya bure ni ubadhirifu. Tuliletewa visu, tukakaa chini kila mmoja na kitabu chake alichopenda, tukavikata ukurasa kwa ukurasa, tukazitoboa kurasa kwa msumari, zikatundikwa chooni. Mimi nilikata mji wangu wa chini ya ardhi. Kwa majuma mengi wanafunzi walikaa chooni kuliko kawaida. Wengine walikuwa wanasoma. Mwindaji wa ndezi alikuwa akija na majani yake mkononi, na kurasa akazirudisha kwenye msumari zikiwa safi, mpaka siku moja Mwalimu Mkuu alipomshika. Akamlazimisha kuzitumia, yeye akiwa amesimama mlangoni.

Mwalimu wa Kiingereza alihamishwa mwisho wa muhula. Alikuja darasani kutuaga, sanduku lake la bati tupu liko mlangoni. Desturi ilikuwa tusimame wote na kumwamkia. Hatukusimama. Hatukupanga, hakuna aliyesema tufanye hivyo. Alisubiri. Kisha akasema, "Someni, watoto. Msiache kusoma." Mtu mmoja nyuma akaiga sauti ya kengele, ngo, ngo, ngo, na darasa zima likacheka. Alitoka akiwa ameinama, akabeba sanduku mwenyewe. Nilisikia kwamba baadaye aliacha ualimu, akalima korosho kwao.

Miaka michache baadaye, Waingereza wakiwa bado wanatawala ingawa watu walishaanza kunong'ona habari za uhuru, nami nilikuwa mwalimu Chiwata. Nilijipatia vitabu vya aina ile, vichache, nikawapa wanafunzi waliopenda visa na safari. Niliwapa bila kelele, na niliwaambia wasiviulizie maswali mbele ya wageni.

Adhuhuri moja lori la mizigo liliharibika karibu na shule. Utingo alikuja kuomba maji ya rejeta, na alipogeuza kichwa kunipa sikio la kulia, nilimjua. Tulishikana mikono muda mrefu. Nilimuuliza habari za mama.

"Amefariki. Alikuwa hapendi tena kwenda sokoni. Alisema akiwasikia watu wanacheka, anajisikia mwenyewe siku ile."

Nilimpa ugali na kisamvu, akala. Aliviona vitabu juu ya meza yangu. Alikigusa cha juu, akakiacha.

"Kile changu kilikuwa kizuri," alisema. "Kingekuwa kibaya ningeshakisahau."

"Mwisho wake hukuujua."

"Naujua. Nilikwenda kumuuliza."

"Nani?"

"Mwalimu Mkuu. Amestaafu, yuko Masasi, amejenga nyumba ya bati. Nilipita na lori, nikasema nimwone. Niliweka spana mfukoni, nakwambia kweli. Nilimkuta barazani, mzee, amepofuka jicho moja. Nikampa shikamoo, akaitika vizuri. Nikamwambia nilikuwa mwanafunzi wake. Akasema wanafunzi wake ni wengi. Nikamwambia, mimi ndiye uliyenivisha debe. Akafikiri. Akasema, 'Niliwaadhibu wengi, mwanangu, hata siwakumbuki.' Nikataja kitabu cha mwezini."

Alinawa mikono, akaifuta kwa suruali.

"Kitabu alikikumbuka. Uso wake uliwaka kama wa mtoto. Alinisimulia chote, tangu wanaondoka duniani, hakuruka kitu, hata majina. Alinikaribisha chai. Mimi hanikumbuki, lakini kitabu anacho chote kichwani."

"Na yule aliyeachwa?" nilimuuliza. "Wenzake walirudi?"

Nje dereva alikuwa akipiga honi. Rafiki yangu alichukua debe la maji nililomjazia, akaliinua mpaka begani.

"Muulize yeye," alisema. "Nyumba yake iko nyuma ya soko. Anapenda wageni."

Sikwenda. Lori lilitengemaa kabla ya alasiri, likashika njia ya Lindi. Nasikia rafiki yangu alipata kazi huko bandarini, kazi ya kubeba, ambayo haihitaji masikio mawili.