Kipepeo kwenye Kitambaa Cheusi

Mama alipokuja kuishi kwangu Jette, hapa Bruseli, baada ya baba kufa kule Bukavu, sanduku lake hakulipangua. Alilisimamisha nyuma ya mlango, akawa anatoa nguo moja moja, na akishafua anazirudisha humo humo. Kila juma aliniambia, "Mie nitarudia kwetu." Kwetu wapi, na nyumba imebaki tupu? Nilitaka abaki, nilitaka sana. Lakini kumwambia mama yangu la kufanya, hapana, ujasiri huo sikuzaliwa nao.

Mimi kazi yangu ni hospitalini, kuogesha wagonjwa na kuwageuza vitandani. Siku za mapumziko nafuata vipepeo. Kanisani wananicheka, acha wacheke. Mwaka ule kuna mmoja aliyeninyima usingizi: wa rangi ya chungwa, mtoto wa nchi za baridi, ambaye huku kwetu anaonekana kwa nadra kwenye vinamasi vya vilima vya Ardennes, penye maua ya pinki yaitwayo bistorte. Akifungua mabawa, anafanana na ndugu zake wote. Alama yake iko upande wa chini wa bawa la nyuma: mstari wa vijiduara vyeupe vilivyozungushiwa weusi. Nilikuwa na picha chungu nzima, zote za upande wa juu. Mzee mmoja mstaafu anayetukagulia picha sisi wapenda vipepeo kwenye mtandao alinijibu kila mara, "Nzuri, madame, lakini haitoshi."

Jumamosi moja ya Juni nikamburuta mama hadi kwenye treni. Alivaa kitambaa chake cheusi cha ujane, kama kila siku, na viatu vya kanisani. Njia ya mbao ilipoishia, viatu vikazama kwenye tope.

"Huyu mududu," akaniuliza, "banamukulaka?"

"Hapana, mama, hawamli."

"Donc tunamufuata ya nini?"

Nikamketisha juu ya gogo, kanuna, nikaenda kuinama kwenye maua. Walikuwepo, tena wengi, mabawa wazi juani, kama wananifanyia kusudi.

Halafu nikasikia mama akiniita kwa sauti ya chini. "Wee mutoto. Kuya pole."

Mmoja alikuwa ametua gotini pake, kwenye kile kitambaa cheusi kilichoshika joto. Mabawa wazi, bila shaka. Nikapiga magoti nikasubiri. Wingu likafunika jua. Mama, ambaye hawezi kukaa kidogo bila kupanga kitu, hakupepesa hata jicho. Kipepeo akafunga mabawa taratibu, na vijiduara vyote vikaonekana. Nilipiga picha.

"Njo yeye?"

"Njo yeye, mama, ndiye huyu."

Akamtazama mpaka kipepeo akaruka. "Muzuri," akasema. "Bon, hata kama habamukulaka."

Tulipokuwa kwenye treni ya kurudi Bruseli, jibu la yule mzee kuhusu picha niliyomtumia likaingia kwenye simu: ndiye. Nikacheka peke yangu. Mama alikuwa amevua viatu, anakamua soksi kwenye mfuko wa plastiki.

"Mwaka wenye kuya," akasema, "uninunulie bottes za kuingia mu tope. Hivi viatu vimekufa."

Mwaka ujao, kumbe atakuwa bado yuko kwangu. Furaha ilinijaa kifuani, nami nikajikaza nikamuuliza tu namba ya mguu.

"Trente-neuf. Lakini hapana nyeusi. Nyeusi nimeshavaa ya kutosha."