Usukani Unaotetemeka Usiuzibe Mdomo

Mdogo wangu, swali lililoninyima usingizi baada ya kumzika Shija lilikuwa hili: nimweleze baba yake habari za mikono ya mwanawe, au niziache zizikwe naye? Nikisema, nitaonekana namlaumu marehemu. Nikinyamaza, mdogo wake Mabula atapanda pikipiki ileile na kuishika vilevile. Mimi ni mtu wa kuwaza kupita kiasi, hata chumvi ya mboga naiwazia. Lakini hili halikuwa jambo la kuwazwa mpaka liishe lenyewe.

Univumilie, wewe unayeanza kuendesha pikipiki, naanzia nyuma kidogo.

Nakumbuka kipupwe cha mwaka niliomaliza chuo. Ajira ilikuwa haijaja, mjomba akaniachia pikipiki yake nibebe abiria pale Mazwi, mjini. Shija ndiye aliyenipokea kijiweni. Wazazi wake walihamia huku na ng'ombe wao kutoka Usukuma yeye akiwa mdogo, wakapata shamba ng'ambo ya Mpui. Alikuwa mcheshi, na hakuwa na choyo ya kazi. Abiria wakizidi alikuwa akiniita.

Safari zetu nyingi zilikuwa za vijijini, kwenye barabara za udongo ambazo kiangazi huzikunja kama bati. Jioni nilikuwa nashuka vidole vimekufa ganzi, sindano zinachoma mpaka kwenye kiwiko, kifungo cha shati nashindwa kukifungua. Upepo wa Ufipa nao unaujua, haumhurumii mtu. Nikaanza kuwaza: ni barabara, ni baridi, au ni ugonjwa wa mishipa umenianza?

Kijiweni tulikuwa na dawa yetu. Unachana blanketi kuukuu, unazungushia mishikio ya usukani, kisha unakaza juu yake vipande vya mpira wa tyubu. Tuliita kuvalisha soksi. Ukivalisha vizuri, mtetemo unakuwa kama unatoka nyumba ya jirani. Soksi za Shija zilikuwa nene kama mahindi yenye maganda, vidole vyake haviwezi kukutana.

"Msomi, mambo!" alinitania siku nilipovalisha za kwangu. "Pikipiki ina sweta, wewe huna!"

"Poa. Ila breki siifikii sawasawa."

"Utazoea. Mkono nao unafundishwa, kama ndama."

Wote wakacheka, na mimi nikacheka.

Siku moja nilipita Mpui kumsalimia bibi, mama yake mama. Nilimwamkia shikamoo, akanipa togwa kwenye kikombe cha bati. Kikombe kikaniponyoka. Sikukiona kikitoka mkononi. Nilisikia tu kinagonga chini. Bibi hakunigombeza. Alinishika vidole, akavibonyeza kimoja kimoja kama anayekagua mahindi ya mbegu.

"Hapa unasikia?"

"Kidogo, bibi."

Akaenda kwenye pikipiki, akazitazama zile soksi kwa muda mrefu. Kisha akakaa na kuanza kusimulia, na bibi akianza kusimulia hakatizwi.

Alisema alipokuwa mwali mgeni kwa mume wake, msimu wa kuinua ntumba, yale matuta ya mviringo tunayofukia majani ndani yake, alipewa jembe lililolegea kwenye mpini. Kila alipolipiga ardhini, mikono ilimtetemeka hadi mabegani. Akaona haya kusema, asije akaitwa mvivu. Akachana kipande cha kanga, akakifunga kwenye mpini, maumivu yakapungua, akaendelea kulima na wenzake wakamsifu. Kesho yake jembe lilichomoka likamkata mguu. Alinionyesha kovu lake, jeupe, refu juu ya kisigino.

"Mama mkwe wangu aliniuguza mguu huku ananisema," bibi akaendelea. "Alisema, 'Jembe lilikuwa linakulilia, wewe ukaliziba mdomo.' Sasa, mjukuu wangu, hicho chuma chako kinalia. Umekiuliza kinalilia nini?"

Nilijitetea kwamba kijiwe kizima kinafanya hivyo.

"Basi kijiwe kizima ni viziwi," akasema, akaniokotea kikombe.

Niliondoka nimenuna. Njiani nikawaza mambo mawili yanayopingana, kama kawaida yangu. Bibi hajawahi kuendesha hata baiskeli. Lakini kikombe kilikuwa kimeanguka kweli. Kesho yake nikaenda kwa fundi pale Chanji, tukazivua soksi, akaiwasha injini. Bila blanketi mtetemo ulikuwa mkali hadi meno yakagongana. Alikuta bolti za kushikilia injini kwenye fremu zimelegea, mnyororo umekauka na umekazwa kupita kiasi, na tairi la mbele limejazwa upepo likawa gumu kama jiwe. Tukarekebisha hayo, tukaweka mishikio mipya myembamba ya mpira, nikajifunza kukunja viwiko na kushika kwa ulegevu badala ya kuukaba usukani kama mwizi. Mtetemo haukuisha wote, nisikudanganye. Pikipiki ni pikipiki. Lakini ndani ya muda mfupi vidole vilianza kunirudia.

Nilimwambia Shija. Nilimwambia mbele ya wenzetu, na nikamwambia tena tukiwa wawili.

"Bibi yako amekuwa fundi siku hizi?" akacheka. "Nitaiangalia, mshikaji wangu. Mavuno yaishe kwanza. Sasa hivi kila mtu ana gunia la kupeleka."

Mavuno hayakuisha. Shija alikuwa anashuka mteremko wa kutokea vijijini, peke yake, ana gunia la mahindi nyuma. Waliomfikia wa kwanza waliukuta usukani umelala mbele, bolti zinazoubana zimelegea, na yeye yuko mtaroni. Watu wengi walisema ni mwendo kasi. Wengine wakasema maneno mengine ambayo mji wetu haukosi kuyasema kifo kikija ghafla. Mimi niliitazama ile mishikio na soksi zake, nikajua usukani ule haukulegea kwa dakika moja. Ulicheza kwanza, kidogo kidogo, siku baada ya siku, chini ya blanketi.

Msibani, baba yake, Mzee Masanja, alikaa pembeni ya zizi bila kula. Nilipokwenda kumpa pole alinishika mkono.

"Wewe ulikuwa naye kila siku, mwanangu. Ile pikipiki haikumpa dalili yoyote?"

Nikasema sijui. Ndilo jibu lililonifuata kitandani. Wazee wana methali ya asiyesikia la mkuu, lakini kuitamka mbele ya kaburi bichi ni ukatili. Kuna nyingine, mficha maradhi kilio humfichua, na hiyo nayo ilinigeukia mimi.

Nikasikia pikipiki imenyooshwa, Mabula ataanza kuja nayo kijiweni. Nikaenda. Niliikuta uani imefutwa vumbi, soksi zilezile bado ziko kwenye mishikio, na Mabula ameshavaa helmeti.

"Mzee, ulipouliza kuhusu dalili, nilisema sijui," nikamwambia baba yake. "Dalili ilikuwepo. Ilikuwa inapita mikononi mwake, lakini mikono ilikuwa imefungwa. Naomba nizikate hizi."

Mama yao akatoka ndani mbio. "Usiguse! Hapo ndipo mwanangu alipopashika mwisho!"

Nilitamani kurudi nyuma, nikapande pikipiki yangu niondoke. Mzee Masanja alimtazama mkewe, akamtazama Mabula na helmeti yake, machozi yakamshuka bila kuyafuta.

"Kata," akasema.

Nilikata tyubu kwanza, kisha blanketi. Lilikuwa limeshika umbo la vidole vyake. Nikalikunja, nikampa mama yake kwa mikono miwili, akalipeleka ndani. Mabula akavua helmeti bila kuambiwa, tukaisukuma pikipiki hadi kwa fundi.

Basi hiyo ndiyo nasaha yangu, mdogo wangu, ingawa umri wangu hautoshi kuitwa mzee. Mkono ukifa ganzi, usianze na mkono. Kaza bolti za injini na za usukani, lainisha mnyororo, pima upepo wa tairi, kisha ndipo utafute mshikio laini, na uwe mwembamba kiasi cha vidole kuifikia breki. Uchovu ukikushinda, shuka upumzike. Na ukiona mwenzako ameziba kilio cha chombo chake, mwambie. Akikucheka, mwambie tena, na akiwa hayupo, waambie waliobaki, hata kama ulimi unakuwa mzito.

Mungu akufikishe uendako na kukurudisha nyumbani, vidole vyako vikiwa hai, na mama yako akupokee mwenyewe mlangoni.