Moto wa Skonzi na Swali la Tuisheni

Nilitoboa oveni ya mama kwa msumari, nikaijaza mkaa mpaka kooni, nikaipepea mpaka mikono ikaniuma. Upumbavu huo ni wangu, sikatai. Ila hasira hii aliyeniwashia ni mwalimu wetu wa fizikia.

Darasani alichora sanduku lililofungwa pande zote, lina tundu moja dogo. Ukilipasha moto, akasema, tundu linatoa mwanga, na kwa hesabu za wakongwe wa fizikia mwanga huo ungezidi kuelekea zambarau na kuipita, bila kikomo. Yaani jiko la mkaa lingetupofusha mtaa mzima.

"Lakini haiwi hivyo," akasema, akijipangusa chaki.

"Kwa nini, mwalimu?"

"Hilo ni la tuisheni. Jioni, nyumbani kwangu."

Sawa, soko huria, siku hizi kila kitu kinauzwa. Lakini kuuza nusu ya pili ya somo! Mtihani wa kidato cha sita hauulizi nani alilipia. Na mama, tangu apunguzwe kazini kwenye shirika la umma, tunakula kwa skonzi anazooka na kuuza. Hela ya tuisheni tungeitoa wapi? Nikaamua kujijibu mwenyewe.

Oveni yenyewe ilikuwa madebe yaliyoungwa pembeni kwa risasi ya kulehemu. Ikiwa baridi, tundu lilikuwa jeusi kuliko masizi. Likawa jekundu, likaanza kuvuta rangi ya chungwa. Zambarau, wapi! Nikawa nawazomea wakongwe peke yangu uani, ndipo risasi ikayeyuka na oveni ikafunguka kama gazeti. Mama akatokea na beseni la unga ulioanza kuumuka.

Hakunipiga. Aliuliza, nikamweleza yote mpaka nikafika kwenye tuisheni. Akajitwika beseni.

"Nipeleke."

Nyumbani kwake, mwalimu alikuwa ubaoni, mabenchi yamejaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu alikuuliza swali darasani. Mjibu."

"Mama, kuna utaratibu wa..."

"Unga unaumuka, mwalimu." Akalitua beseni juu ya meza yake.

Mwalimu akalitazama lile beseni, akaweka chaki chini. "Moto hautoi nguvu mfululizo kama maji ya bomba. Huitoa kwa mafungu. Fungu la mwanga mwekundu ni dogo, kama shati moja la mtumba. La zambarau ni kama belo zima: halifunguliwi, halikatwi nusu. Moto wa jiko hauna uwezo wa kununua mabelo. Wakongwe walidhani kila mwanga unauzwa rejareja."

"Ni hayo tu?" nikafoka. Maelezo ya muda wa kutafuna skonzi moja! Na sisi tusiolipa tulikuwa tunakwenda kufeli kwa ajili ya hayo!

"Mwalimu," mmoja akapayuka benchi la nyuma, "sisi tuliolipa je, tunarudishiwa?"

Njiani bado nilikuwa nafoka. Nikaapa kwamba na mimi kesho nitaliuza hilo jibu, kwa bei ya kutupa, nimkomeshe. Mama akasimama, akashusha beseni chini vumbini, akanigeukia:

"Kesho utawaeleza wenzako wote, bure. Nikisikia umepokea hata andazi la mtu, nitakutoboa wewe."