Migomba Iliyoziba Kusini

Kijiji kizima cha Ihembe kilimcheka baba yangu kwa ajili ya ule uwazi. Kibanja chetu kilijaa migomba na kahawa, isipokuwa upande wa kusini, ambako mwaka hadi mwaka alipanda maharage tu ili darubini yake ipate kuona chini kabisa ya mbingu. "Mwalimu Gaudiosus anamlimia Mungu barabara," walisema.

Darubini hiyo aliachiwa na padre mmoja aliyerudi kwao Ulaya. Mwaka 1968, kabla padre hajaondoka, wawili hao waliona nyota hafifu ikilipuka ndani ya Wingu Kubwa la Magellan, ambalo ni galaksi nyingine kabisa. Baada ya siku chache ikazimika. Padre alimwambia nyota za namna hiyo huweza kurudi, akamwomba ailinde. Baba akailinda miaka ishirini, yeye na Fidele, mchuma kahawa wetu, aliyezijua ramani za nyota kuliko alivyojua kusoma gazeti.

Kisha presha ya macho ikamshika. Mwaka 1989 wote alikaa kwangu Bukoba akitibiwa. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kufa. La kulia, daktari alisema, lingedumu mwaka, labda miwili.

"Placida," aliniambia, "sitaki kingine. Niione mara moja tu, halafu giza lije."

Nilimrudisha nyumbani Januari. Pale kwenye uwazi tulikuta migomba mitupu, tena yote imebeba mikungu michanga.

"Baba Placida, nilidhani hutalirudia tena hilo bomba," mama alisema. "Ningeacha ardhi ikae bure mpaka lini?"

Fidele alikwishashika panga. "Mwalimu, miwili tu inatosha."

Baba akamzuia. Kwetu mgomba wenye mkungu mchanga haukatwi. Anayeukata ni adui, na anayekata wa mkewe ni kama amemfukuza. Kuihamisha darubini nako hakukufaa: ikiondolewa kwenye nguzo ya saruji aliyoijenga padre ilitetemeka, nyota zikarukaruka kama senene.

"Tungoje ikomae," alisema. "Aprili si mbali. Subira yavuta heri."

Siku ile nilimwona muungwana. Leo nasema alikuwa mjinga, na mimi niliyenyamaza nilikuwa mjinga zaidi. Februari nzima, Fidele alinisimulia, baba alikaa kando ya nguzo akitazama majani ya migomba.

Aprili wakavuna, wakakata, wakatazama. Hapakuwa na kitu.

Mei nilikuwa nimekuja kuwaona barua ya padre ilipofika. Nikaisoma kwa sauti: "Imerudi! Ilionekana Februari, siku chache tu. Wewe uliye chini ya mbingu ile bila shaka umeiona. Niandikie."

Mama alichukua panga, akatoka na kuanza kufyeka migomba ya nyuma ya jiko, mikungu na yote. "Mawe! Mama wee! Nimemuua mume wangu!"

Baba alimfuata akipapasa ukuta. Jicho lile la kulia nalo lilikuwa linakwisha. "Acha, Kemigisha. Hiyo haizibi kitu."

Alikaa chini penye majani yaliyokatwa, akalia mbele yetu sote bila haya. Sikuwahi kumwona akilia.

Halafu akaniita nilete karatasi. Mama alikuwa amesimama karibu, panga bado mkononi.

"Mwandikie padre," baba alisema, "kwamba Februari yote mvua ilinyesha."

Halikudondoka hata tone mwezi ule. Nikaandika.