Jibu ya mama yangu

Ile miaka kazi ilikufa ku Shituru, ku usine ya shaba, minye nilikuwa naandikiaka bantu barua mu soko ya Kikula. Masomo sikuwa nayo, lakini maneno ilikuwa mingi: muntu akisema iko na homa kidogo, minye naandika alizikwa mara mbili na akarudia kwa miguu. Hata mama yangu, kule Kakanda, nilimuandikiaka vile. Hakunijibu hata siku moja.

Pembeni yangu muzee mumoja mukavu alikuwa anaandika pia. Kwake bantu balipanga mustari mupaka ku gare ya treni, kwangu nzi tu. Wivu ilinikula mupaka mukaba ya suruali ikanizunguka mara tatu.

Siku moja nikaikala ku kiti ya bateja bake, nimuibie ufundi. Nikasema aandikie mama yangu.

« Ulikula nini jana, petit? »

« Bukari na matembele, papa. »

« Na nyumba? »

« Inavuja. »

Akaandika ile tu. Nikacheka mu roho.

Mama akajibu: « Mutoto wangu, leo njo umeniandikia weye mwenyewe. »

Ile jibu nikaificha. Muzee akaniuliza kama mama alijibu.

« Bado, papa. Pengine maneno ilikuwa kidogo. »