Kanga Niliyomfunga Wifi Machoni

Mke wa kaka yangu alirudi kutoka hospitali amepona kifua kikuu, lakini hakuweza tena kutembea sawasawa. Tulikuwa tunakaa Temeke, Mwingereza bado anatawala. Sindano za kila siku, miezi mitatu mfululizo, zilikuwa zimekiondoa kikohozi. Akiketi, mzima kabisa. Akitembea, anapepesuka na kupapasa ukuta.

"Wifi, nikipiga hatua nyumba zinarukaruka," aliniambia. "Nikisimama, zinatulia."

Nilicheka, nikaenda kumhadithia mama.

Mama alikwisha kuamua kwamba mkwewe anakunywa tembo. Mchana wifi alijikaza, anaukodolea macho mlango ulio mbele yake mpaka aufikie. Giza likiingia, alikwenda chooni kwa kutambaa. Siku moja alifumba macho anawe uso, akaangukia ndoo.

"Mwanangu anafuga mlevi," mama akasema.

Ijumaa moja, kaka aliporudi msikitini, mama alimwita wifi uani mbele ya majirani wawili.

"Kama hukunywa, tembea kutoka hapa mpaka jikoni umefungwa macho."

"Mama, nakuomba. Macho ndiyo yanayonishika nisianguke."

Kaka alikuwa anachokonoa meno. Mama akanipa kanga. Mimi ndiye niliyemfunga, na fundo nililikaza.

Hatua ya tatu hakuimaliza. Alianguka kifudifudi, mdomo ukapiga figa lililoachwa pale uani. Majirani walicheka kabla hawajaiona damu. Meno mawili ya mbele yalitoka. Kaka akampa talaka pale pale, hata kanga haijafunguliwa.

Ndugu zake walikuja kumchukua, wakampeleka kwao Mbagala.

Miaka kadhaa baadaye nilipata kazi ya kufagia zahanati. Nilimuuliza mganga habari za mgonjwa wa namna ile.

"Ndani ya sikio mna kitu kinachouambia mwili kama umenyooka au umeinama," alisema. "Ndicho pia kinachoyatuliza macho kichwa kikitikisika. Zile sindano za kifua kikuu huweza kukiua. Mtu hubaki kusimama kwa macho yake tu. Ukimfunga macho, ni sawa na kumsukuma."

Nilikwenda Mbagala kumtaka radhi. Nilimkuta barazani anasuka ukili.

"Nilikwambia wewe kabla ya mtu yeyote," alisema, na pengo lake likaonekana. Hakunikaribisha kuketi.

Niliporudi nilimweleza mama yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kuchambua mchele.

"Hata hivyo," akasema, "maji asingeweza kuchota."