Wigo wa Wendersley

Mama yangu hakupenda bustani za kwenda kutazama. Ya kwake aliipenda. Ilikuwa kipande nyuma ya nyumba, hatua saba kwa kumi, maharage upande mmoja, viazi upande wa pili, na waridi moja jekundu lililokua karibu na banda la makaa. Lakini bustani kubwa za majumba ya kale, zile ambazo nusu ya mji wetu huzikimbilia kila jua linapochomoza siku ya mapumziko, alizikataa maisha yake yote.

"Niende kufanya nini?" alikuwa akisema. "Kutazama nyasi za wenye nacho?"

Nilidhani ni uchovu. Mtu aliyesimama miaka thelathini na moja mbele ya mashine ya kufuma soksi ana haki ya kutotaka kutembea bila sababu. Mimi ndiye niliyesoma, wa kwanza katika ukoo wetu kuingia chuo kikuu, na pamoja na shahada nilijipatia tabia za watu wenye shahada. Nilikuwa na kadi ya chama kinachotunza majumba hayo. Kila mwezi wa tano na wa sita nilizunguka na rafiki zangu, tukataja majina ya maua kwa Kilatini, tukala skonzi za malai na jamu, tukarudi nyumbani tukiwa tumeridhika na nafsi zetu.

Mama alipokaribia kutimiza miaka themanini, nilimpigia simu nikamwambia safari hii hakwepi. Nimechagua bustani ya Wendersley. Kuna ziwa, nikasema, na wigo wa miti ambao watu wanatoka mbali kuja kuuona.

Nilisikia saa yake ya ukutani ikigonga.

"Mama, upo?"

"Nipo. Haya. Twende hukohuko."

Ilikuwa Jumanne, mwezi wa sita, joto la kutosha, na alivaa koti lake la kanisani lililofungwa vifungo vyote. Tulipofika kwenye maegesho hakutaka kushuka mpaka tule. Alikuwa ametengeneza sandwichi za nyama ya nguruwe na haradali, amezifunga kwenye karatasi ya alumini, na chai iko kwenye thamosi. Tukala ndani ya gari, milango imefungwa, tukitazama ukuta wa matofali.

"Hili geti hatukulitumia sisi," akasema. "Sisi tulipita nyuma, kwenye geti la makaa."

"Sisi akina nani?"

Aliikunja karatasi ya alumini mara nne, akaiweka mkobani. "Kula. Mkate unakauka."

Nilijua babu yangu alikuwa mtunza bustani. Nilijua alianguka kazini mama akiwa na miaka tisa, akafa. Mahali pake sikuwahi kuambiwa, na ni kweli pia kwamba sikuwahi kuuliza mara ya pili. Nililijua jibu tangu pale garini, nikala mkate wangu.

Getini kulikuwa na binti mchangamfu mwenye kitambulisho shingoni. Nilimwonesha kadi yangu, inayoniruhusu kuingia na mgeni mmoja.

"Na mama je, angependa kujiunga?" akauliza. "Unakuja wakati wowote, mwaka mzima."

"Niliwahi kuwa nakuja wakati wowote," mama akamjibu. "Tukafukuzwa."

Binti akacheka, akatupa ramani.

Uzuri wa Wendersley ni wa namna ya kuficha mkono wa mtu. Ziwa limechimbwa kwa majembe, lakini limepindwa ili uamini mto ulijipumzisha pale kwa hiari yake. Kilima kimejengwa. Hata ng'ombe wamezuiwa na mtaro usioonekana kutoka nyumbani, ili bwana akitazama dirishani aone nchi nzima ni yake na haina uzio. Nilikuwa nimeusifia ujanja huo kwa miaka kumi na moja. Siku ile nilitembea nyuma ya koti la mama yangu, na kila nilichokitazama kilinichukiza kidogo zaidi.

Alikwenda bila ramani, moja kwa moja hadi kwenye wigo.

Ni wigo wa yuu, mti wa kijani kizito usiopukutisha majani, na ulipandwa zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Urefu wake unafika paa la nyumba ya ghorofa. Umekatwa kwa mawimbi, kama bahari iliyoambiwa isimame. Chini yake palikuwa na watu kama kumi na tano wamemzunguka Bwana Umpleby, mzee nadhifu mwenye tai ya kijani, mwalimu mstaafu anayejitolea kuwaongoza wageni. Nilimfahamu. Nilikuwa nimemsikiliza miaka miwili nyuma, na aliponyoosha mwavuli wake juu nikajua anachotaka kusema.

"Sasa mnaona pale," alisema, "kati ya wimbi la tatu na la nne, kuna kibonde kisicholingana na vingine. Miaka ya hamsini kulikuwa na mtunza bustani mmoja aliyefika kazini akiwa bado na ya jana kichwani." Watu wakaanza kutabasamu. "Akapanda ngazi, akakata vizuri tu mpaka hapo. Halafu akaamua kushuka kwa njia ya mkato. Wenzake walisema ukipita hapa wakati wa mvua, bado unasikia harufu ya bia."

Wakacheka. Mzee mmoja mwenye kofia ya ukili akamwambia mkewe, "Angalau alikuwa na haraka ya kwenda nyumbani."

"Alikuwa anaitwa nani?" mama akauliza.

Bwana Umpleby akageuka, bado anatabasamu. "Samahani, mama?"

"Huyo mlevi wenu. Hana jina?"

"Ah. Maandishi yetu hayalitaji, kwa bahati mbaya."

"Wilfred Skerritt. Ni baba yangu."

Watu wa kwetu wakiaibika hutazama viatu. Kumi na tano walitazama viatu. Mzee wa kofia ya ukili akafungua ramani yake akaisoma kwa bidii, ingawa ilikuwa juu chini. Shingo ya Bwana Umpleby ilipanda wekundu kutoka kwenye tai hadi masikioni.

"Pole sana, mama. Ni kichekesho tu cha kuwachangamsha wageni. Sikukitunga mimi, kimo kwenye maandishi."

"Nioneshe."

Akampa karatasi yake iliyofunikwa plastiki. Mama akavaa miwani, akasoma yote, polepole, kisha akaishika badala ya kumrudishia.

"Baba yangu alikuwa Mmethodisti," alisema. Hakupaza sauti. Alikuwa na sauti ya kiwandani, inayopita juu ya mashine bila kuwa kelele. "Aliapa kutogusa pombe akiwa na miaka kumi na miwili. Hati ya kiapo chake ilitundikwa juu ya meko yetu. Kila Krismasi bwana wa hapa aligawa pipa dogo la bia kwa kila nyumba ya kazi. La kwetu baba alilimwaga mtaroni, akaliosha, akalirudisha na shukrani. Hapa palikuwa na sheria. Ikifika saa nne asubuhi, mtunza bustani asionekane kutoka dirisha lolote. Ukikutana na mabwana njiani, unaingia nyuma ya mti mpaka wapite. Kwa hiyo wigo ulikatwa alfajiri. Wiki hiyo mvua haikukatika. Baba alimwambia mkuu wa bustani kwamba ngazi inateleza. Akaambiwa wageni wanakuja Jumamosi."

Hakuna aliyeondoka. Nadhani walitaka, ila hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza.

"Saa kumi na moja na nusu alfajiri alianguka. Mgongo ukavunjika. Kutoka hapa hadi banda la farasi, ukikatiza nyasini, ni dakika tatu. Gari lilikuwa pale. Lakini madirisha yale ya juu," akanyoosha kidole, "ni vyumba vya kulala wageni, na wengine walikwisha kufika; hawakutakiwa waamke waone mtu amebebwa. Kwa hiyo wakampitisha mle."

Tukageuka wote. Upande wa pili wa njia kuna mdomo wa handaki ambalo watumishi walipitia ili wasionekane. Siku hizi pana kibao cha rangi kinachowaalika watoto kujaribu njia ya siri, na wakati ule watoto watatu walikuwa ndani wakipiga kelele ili zirudi.

"Walimlaza juu ya mlango wa kibanda walioung'oa. Handaki lina kona mbili, na mlango haukati kona. Wakamwinua, wakamwinamisha, wakamgeuza. Dakika ishirini na tano. Humo ndani bwana alituma chupa yake ya brandi, kwa huruma, na wakamtia mdomoni kwa sababu ndivyo watu walivyofanya. Alikuwa hawezi hata kugeuza uso. Daktari alipofika akamkuta maiti, akamnusa."

Mama akavua miwani.

"Mbele ya mchunguzi wa vifo, jumba zima lilikumbuka harufu ya pombe. Percy Allsop, aliyeshika upande wa miguu, alimweleza mama yangu ukweli siku ya mazishi, mimi nikiwa chini ya meza. Mbele ya mchunguzi hakuueleza. Naye alikaa kwenye nyumba ya kazi, ile unayonyang'anywa ukipoteza kazi. Fidia hatukupewa, na baada ya wiki sita tukatolewa nyumbani. Kitu cha kwanza mama kubeba kilikuwa ile hati ya kiapo." Akamrudishia Bwana Umpleby karatasi. "Ziara inayofuata ni saa ngapi?"

"Saa saba."

"Utasema nini?"

"Nitairuka sehemu hiyo, mama. Nakuahidi. Na nitawaandikia ofisini. Kuna kamati inayokutana mwezi wa kumi..."

"Usiiruke. Mmeisema miaka yote, iseme."

"Siruhusiwi kubadilisha maneno bila idhini."

"Na kumwita mlevi, mliomba idhini ya nani?"

Yule mzee hakuwa mtu mbaya, nasema hivyo kwa kumtendea haki na kwa kujionea mwenyewe. Alisema kundi linasubiriwa ziwani. Wakaondoka taratibu, kwa adabu ile ya kwetu ambayo nimelelewa nayo na siku ile ningeipiga teke.

"Mama," nikasema, "twende tukanywe chai. Ukae kidogo."

Akanigeukia. "Wewe una kadi yao. Umekuja hapa mara nyingi?"

"Mara nyingi."

"Hii uliwahi kuisikia?"

Ningeweza kusema uongo.

"Ndiyo."

"Ukafanya nini?"

"Nilicheka." Sikumwambia kwamba niliisimulia tena wiki ile kwenye chakula cha jioni, kwamba niliongeza madoido, kwamba ilipendwa.

Alinitazama kama anavyotazama doa kwenye kitambaa, akipima kama litatoka. Kisha akanikabidhi mkoba wake. "Shika huu. Nataka kukaa pale."

Tulikaa kwenye benchi lililotazama wigo hadi bustani ilipofungwa. Saa saba Bwana Umpleby alipita na kundi jipya, akazungumzia umri wa miti na kuruka alichokiruka. Mama akasimama akaisema mwenyewe, yote, pamoja na kona mbili. Saa tisa akaisema tena. Wengine walimpita wakidhani ni bibi aliyechanganyikiwa. Mwanamke mmoja mwenye mbwa alibaki nyuma akauliza, "Jina umesema nani?" na mama akamtajia herufi kwa herufi.

Tulipotoka, binti wa getini alikuwa anafunga kisanduku chake.

"Nataka hiyo kadi ya mwaka," mama akasema.

"Mama, ukija na mimi unaingia bure," nikamwambia.

"Siji na wewe. Nakuja kwa basi."

Binti akachukua kalamu. "Jina, mama?"

"Avis Skerritt."

"Mama, kadi yako ya benki imeandikwa Mellor," nikasema.

"Baba yako alikuwa mtu mzuri, na sikukuuliza." Akamgeukia binti. "Yule mzee wa tai ya kijani anakuja siku zipi?"

"Bwana Umpleby? Jumanne na Ijumaa."

"Vizuri."

Ijumaa niliomba ruhusa kazini nikaenda. Sikukaribishwa. Nililipia mwenyewe getini, kwa kuwa kadi yangu nilikuwa nimeikata vipande juu ya sinki, kitendo cha kitoto ambacho hakikumsaidia mtu. Mama alikuwa tayari kwenye benchi, koti limefungwa vifungo vyote. Mapajani alikuwa na fremu nyeusi. Ndani yake, chini ya kioo kilichopasuka pembe moja, mtoto wa miaka kumi na miwili alikuwa ameandika jina lake kwa wino, herufi zikipanda kilima.

Sikuketi karibu naye mpaka aliposogeza mkoba.

Bwana Umpleby akatokea na watu wake, wengi kuliko Jumanne. Alimwona kutoka mbali. Alipofika chini ya wimbi la tatu, alishika karatasi yake ya plastiki kifuani kwa muda, kisha akaiingiza mfukoni mwa koti.

"Hapa," akasema, "mwaka elfu moja mia tisa hamsini na tatu, mtunza bustani mmoja aliyeitwa Wilfred Skerritt alianguka."

Akageukia benchi.

"Saa ngapi?" mama akauliza kutoka kwenye benchi.

"Saa kumi na moja na nusu alfajiri."

"Kwa nini alfajiri?"

Yule mzee akainua macho, akayatazama madirisha ya juu, na watu wote wakayatazama pamoja naye.

"Endelea," mama akasema.